Pumzi ya Mzamiaji

Usijifanye hukukiona kile kipande cha video. Ulikiona. Kilipita kwenye simu yako kama kilivyopita kwenye yangu: mzamiaji yuko chini kabisa ya bahari, tochi yake inafifia, mtungi wa hewa umekwisha, na unamsikia mwanamke anavuta pumzi haiji. Haiji kabisa. Ukasikiliza, ukabonyeza kimoyo chekundu, ukamtumia rafiki yako na maneno haya: "Vaa hedifoni, utasisimka." Halafu ukaendelea kumenya vitunguu.

Hukujiuliza ni nani yule. Wala sikushangaa, maana nawajua. Nakumbuka yule mama aliyeanguka kwenye foleni ya benki, mkamzungushia duara la simu badala ya kumlegezea kilemba. Nakumbuka yule dereva aliyebanwa na usukani, kilio chake mkakifanya mlio wa kuitia simu. Ninyi mlisahau kabla ya mwezi kuisha. Mimi sisahau, na leo utakaa kitako nikueleze pumzi ile ilikuwa ya nani, na nani alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale wakati inakatika.

"Shemeji, unanitania. Hujawahi kuucheza?"

Aliyeuliza ni Mchoraji, kijana aliyechora kila samaki na kila jiwe la gemu lile la mzamiaji, ambalo kile kipande cha video kilikatwa humo. Alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia bango lililokunjwa. Alimfuata mwenzake wa kazi, bwana harusi, akamkuta bibi harusi mtarajiwa, Msusi, peke yake sebuleni, mchana kweupe, anapiga pasi vitambaa vya meza za ukumbini.

"Sijawahi," Msusi akasema. "Kila nikimwomba ananizungusha. Mara una hitilafu, mara nisubiri siku ya maonyesho. Na mimi mwenyewe mambo ya kuzama nayaogopa, unakijua kifua changu."

"Watu wa nchi ambazo hata kuzitaja siwezi wameucheza. Mwenye mwanamume hajaucheza. Zima pasi, njoo."

"Akinikuta je?"

"Yuko kwa fundi wa suti na mama yake. Unamjua mama mkwe wako, mpaka amalize kukagua mishono jua litakuwa limetua."

Msusi akacheka, akazima pasi.

Mwanamume mwenyewe jengo zima lilimwita Kimya. Si kwamba alikuwa mpole. Ni kwa sababu alishinda akigonga milango ya watu, kinasa sauti mkononi: "Samahani mama, naomba kimya kidogo, narekodi." Alirekodi bomba linalovuja, birika likichemka, kamba ya nguo ikipigwa na upepo. Koromo la mama yake mzazi alilirekodi mama amepitiwa na usingizi kwenye kochi, akalivuta likawa refu na zito, likageuka mlio wa nyangumi. Mama hakukasirika. Alikuwa akienda kwenye kikundi chake cha akina mama anajigamba, "Msinione hivi, mimi ndiye nyangumi."

Kwa Msusi aliingia hivyo hivyo. Saluni iko chini ya jengo lile lile, yeye akashuka siku moja kurekodi mkasi. Alirekodi mkasi wiki nzima. Wasichana wa saluni wakaanza kumuuliza mkasi gani huo usiokwisha kulia, naye akawa anacheka tu na kumtazama mwenye mkasi.

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Koti la Kimya lilikuwa limening'inia mgongoni mwa kiti. Msusi akakaa, Mchoraji akamvalisha hedifoni, akamkabidhi padi ya kuchezea.

"Hiki kitufe unazama, hiki unapanda, hiki tochi. Basi."

"Adui wako wapi?"

"Hakuna adui. Ni wewe na maji."

"Sasa mtu anashindwaje?"

"Hewa. Ukikaa chini mno inakwisha. Ukiona mshale mwekundu, panda."

Akazama. Maji yalikuwa ya kijani, kisha buluu, kisha rangi ambayo haina jina. Chini kabisa ulikuwa mji mzima uliozama. Ngazi zisizokwenda popote. Duka la viatu, viatu vinaelea jozi jozi. Ukumbi wa sinema, na samaki wanapita katikati ya viti kama watu waliochelewa picha. Mbali kule nyangumi akakoroma, Msusi akacheka peke yake: mama mkwe.

"Na huyu anayehema?" akauliza, sauti juu kama wanavyosema watu waliovaa hedifoni.

"Huyo si mtu. Ni mfuko wa maji ya moto, anauminya na kuuachia. Nenda kulia. Pita ule uchochoro. Kuna kitu chako."

Akapita uchochoro. Tochi ikaangukia pazia la mistari. Msusi akalijua pazia lile kabla hajajua anajua nini. Ndani vilikuwa viti vitatu, kioo chenye ufa kwenye kona, ndoano iliyopinda ya kutundikia taulo. Saluni yake. Saluni yake yote, chini ya bahari, na mwani umeota ndani ya makasha ya rasta.

"Umechora wewe?"

"Nimechora mimi, lakini wazo lake. Aliniletea picha, akanisumbua mpaka na ule ufa wa kioo. Alisema siku ukiucheza, ujue ulikuwemo tangu mwanzo."

Msusi akajipangusa macho kwa kiganja. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwenye furaha. Hakutaka kutoka. Alizunguka kila kiti, akamulika kila kona ya zawadi yake, mshale ukawa mwekundu hakuuona, mfuko wa maji ya moto ukanyamaza, na masikioni mwake kikaingia kitu kingine.

Kwanza ulikuja mluzi. Mluzi wa kifua, wa sauti mbili, moja juu nyingine chini yake, kama bawaba ya mlango mbovu. Kisha kikohozi kikavu kisichoenda popote. Kisha kitu cha plastiki kinatikiswa, kinatikiswa tena, na mpulizo mtupu usio na dawa. Kisha vifundo vya vidole vikigonga mbao.

Ameshawahi kukukaba mtu ukiwa umekaa kwenye kiti, saa nane ya mchana, jua linawaka dirishani? Msusi alikabwa.

"Shemeji, panda. Hewa imekwisha, bonyeza kupanda," Mchoraji akasema huku akikunjua bango lake ukutani.

Vidole havikutii. Tochi ya mzamiaji ikazimika. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Haya umekufa. Bonyeza chochote unaanza upya. Kila mtu anakufa mara ya kwanza."

Hakubonyeza. Na sasa nisikilize vizuri, maana kila kitu kimebebwa na hapa. Kila aliyewahi kucheza gemu lile, kioo kikiwa cheusi, alibonyeza. Wewe ungebonyeza. Nani anakaa gizani anasubiri? Msusi peke yake alikaa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Na kule gizani sauti haikukatika. Mluzi uliendelea, mbao ziliendelea kugongwa kwa mbali, halafu karibu kabisa, karibu kuliko pumzi yenyewe, mwanamume akanong'ona:

"Bado kidogo. Usinyamaze. Bado kidogo tu."

Nyayo kwenye ngazi. Sauti ya mwanamke kutoka mbali: "Mbona mlango uko wazi?"

Kitufe kikabonyezwa. Sauti ikakatika.

Msusi akavua hedifoni taratibu, akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai.

"Hii sauti ya mwisho wa hewa alitoa nani?"

"Mwigizaji fulani. Kimya alimpata huko kwenye mambo yao ya redio. Ndiyo imetutoa, shemeji. Mimi nachora miaka, lakini watu wanaongea pumzi tu." Akageuka. "Mbona umebadilika hivyo? Ningekwambia mapema, inatisha."

"Niachie nipige simu."

Alimpigia dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja.

"Dada."

"Niambie bibi harusi. Umeme wenu umerudi? Vitambaa vimenyooka?"

"Dada, siku ile ya kifua. Tulipokuwa tunapaka rangi hapa kwa Kimya. Ulivyofika ulisema nini?"

"Nilisema nini vipi?"

"Mlangoni. Neno la kwanza."

"Mimi nakumbuka basi? Nilikuta mlango... eh, nilisema mbona mlango uko wazi. Kwa nini?"

Msusi akafumba macho.

"Na yeye ulimkuta wapi?"

"Si kwenye korido hapo, mlangoni mwa chumba. Anatweta, jasho linamtoka, pampu ya pumu mkononi. Kasema katoka mbio duka la dawa. Tukaingia wote, akakupulizia. Mdogo wangu, unataka kunitoa machozi tena? Si nilishasema ukweni mbele ya watu, yule ndiye aliyekurudishia roho. Angechelewa kidogo tu..."

"Dada, usiseme hilo neno."

"Neno gani?"

"Nitakupigia."

Sasa uelewe alichokuwa anakihesabu kichwani. Siku ile pampu yake ya pumu ilitoa mpulizo mtupu. Pampu ya akiba alikuwa amempa Kimya mwenyewe akae nayo, kwa sababu ukimpenda mtu unampa hewa yako akutunzie. Kimya alipekua mifuko mbele yake, akasema, "Sina, nimeiacha, nakimbia duka la dawa," akatoka. Msusi akabaki ameegemea kabati anagonga mbao ili jirani asikie. Na alipoposwa siku chache baadaye, bado ana bandeji ya sindano mkononi, hakuomba muda wa kufikiri. Mtu amekukimbilia hewa, utamwambia nini zaidi ya ndiyo?

Simu ikaita mlio wa ujumbe.

"Suruali imekuwa fupi, mama anagombana na fundi. Umekula, pumzi yangu?"

Alimwita pumzi yangu tangu siku ile. Msusi akaandika:

"Nimecheza."

Vile vidoti vya mtu anayeandika vikatokea, vikapotea, vikatokea.

"Nani kakufungulia?"

"Mchoraji."

"Umeona saluni? Nilitaka nikuoneshe mwenyewe. Umefika wapi?"

"Mwisho."

"Hauna mwisho, mpenzi. Ukiishiwa hewa unaanza upya."

"Sikuanza upya."

Vidoti vikatokea. Vikapotea. Havikurudi.

Walipoingia, mama alitangulia, mfuko wa suti begani, bado anamsema fundi. "Mtu namwambia kifundo cha mguu kiko hapa, ananipimia gotini. Mwanangu anaoa, si kwamba anavuka mto." Akamwona Msusi amesimama katikati ya chumba cha kazi, akasimama. Kimya alikuja nyuma yake, na alikuwa anatweta. Safari hii kweli alikuwa amekimbia.

"Tuongee wawili," Kimya akasema.

"Tutaongea wote. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Lini?"

"Usiniulize lini."

"Msusi, ile ni sauti ya mwigizaji. Wenye pumu wanafanana wakihema..."

"Na dada yangu naye mwigizaji? Mbona mlango uko wazi. Sema ni mwigizaji."

Mchoraji akamtazama mwenzake. "Dada gani? Mle ndani kuna dada?"

"Hukuwahi kufika huko," Msusi akamwambia. "Hakuna aliyefika. Nyote mnabonyeza."

Kimya akakaa kwenye kiti, akasimama tena. "Sikiliza. Nilitoka kweli. Nilifika koridoni nikagusa mfuko wa koti, nikaikuta."

"Uliikuta nini?"

"Pampu."

Mama akashusha mfuko wa suti ukaanguka sakafuni, hakuuokota.

"Ilikuwemo mfukoni," Msusi akarudia.

"Nilikuwa narudi. Naapa nilikuwa nageuka. Na kinasa sauti kilikuwa mkononi, si unajua sikiachi, nilikuwa natoka kurekodi brashi ya rangi. Nikasikia. Mwezi mzima nilikuwa natafuta ile sauti. Waigizaji wote walikuwa wanaigiza, inasikika wanaigiza. Na wewe ulikuwa..." Akatafuta neno. "Ilikuwa ya kweli. Nikasema sekunde chache. Nilikuwa nakuona kwa ufa wa mlango. Ungeanguka ningeingia."

"Nilianguka."

"Uliteleza ukakaa."

"Nilianguka, Kimya. Nilianguka nikawa nagonga nikiwa chini, maana mkono ulikuwa haufiki juu. Ukasema nisinyamaze."

"Mwanangu," mama akaingilia, sauti imejaa upole wa mtu anayezima moto kwa kanga, "na wewe binti yangu. Mambo ya kompyuta haya msiyapandishe yakawa makubwa. Huyu ndivyo alivyo, amenirekodi mimi nakoroma nikacheka. Wikiendi ijayo watu wanakuja. Ukumbi umepambwa. Mtu havunji ndoa kwa ajili ya mchezo."

"Mama, keti hapa," Msusi akasema.

"Mimi vitufe sivijui."

"Huna haja ya kubonyeza. Ndiyo maana nataka uvae wewe."

Akamkalisha. Akamvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Akazamisha mzamiaji mwenyewe, moja kwa moja mpaka saluni, akaweka padi mezani, akarudi nyuma. Walibaki wanautazama uso wa mama kama watu wanaotazama sufuria la maziwa.

Mwanzo mama alitabasamu, bila shaka alijisikia akikoroma, yule nyangumi. Kisha tabasamu likasimama pale pale, halikuondoka, lilikauka tu. Mkono wake ukapanda kifuani. Vidole vyake vikaanza kugonga meza, polepole, vikifuata kitu alichokisikia, wala hakujua anafanya hivyo. Kioo kikawa cheusi. Kimya akanyoosha mkono kubonyeza.

"Acha," Mchoraji akasema, akamshika kiwiko.

Mama alikaa gizani mpaka mwisho. Alipovua hedifoni, kitambaa kilikuwa kimehama kichwani, hakukirekebisha.

"Ulipokuwa mdogo," akamwambia mwanawe, "nikikuita utoke kucheza uje kula, ulikuwa unanijibu neno moja. Kila siku. Nikikuita uoge, neno hilo. Nilikuwa nacheka nasema mwanangu mtundu."

"Mama."

"Mimi nimelijua kwa sauti ile ile. Umelisema kwa sauti ile ile, mtu anakata roho." Akamsogezea hedifoni. "Vaa."

"Naijua, mama, nimeirekodi mimi."

"Vaa."

Akavaa, Msusi akamzamisha tena mzamiaji. Na hapa ndipo lilipotokea jambo lililowaacha wote mdomo wazi kuliko yote. Yule aliyelitengeneza gemu, aliyesikiliza mlio wa bomba usiku kucha akitafuta tone lenye kasoro, alipofika gizani alizinyofoa hedifoni kichwani kama zimemuunguza.

"Sikujua kama imebaki," akasema. "Ile ya mwisho. Sijawahi kufika pale. Niliitia nzima nzima, nikasema nani atakaa..."

"Hukuikata mkia," Mchoraji akasema taratibu. "Uliniambia mwigizaji. Nikaandika kwenye bango, pumzi itakayokuacha hoi. Mimi nimeandika hivyo, kwa mkono wangu."

Kimya akapiga magoti. Tusimwonee, machozi yalikuwa ya kweli. "Msusi. Nakupenda. Ile saluni kule chini sikuiweka kukudanganya. Nilitaka uwemo."

"Nilikuwemo. Nilikuwa nakufa humo."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

"Itoe."

"Nitaitoa."

"Sasa. Mashine hiyo, kiti hicho. Itoe, na popote ulipoituma uiondoe, na uwaambie watu ilikuwa ya nani na ulikuwa umesimama wapi."

Sasa tazama. Mwanamke amesimama mlango wazi nyuma yake. Hajavua pete. Ukimuuliza leo anakwambia bila kupepesa macho: angekaa kwenye kiti kile akaitoa, ndoa ingesogezwa mbele, wangelia wote, wangetafuta mtu mzima wa kuwasuluhisha, huenda angemsamehe. Alikuwa bado anampenda, moyo hauna swichi. Kila kitu kilikuwa kinamngoja mwanamume akae kwenye kiti.

Kimya akatazama mashine. Akatazama bango ukutani.

"Maonyesho ni Jumatatu," akasema. "Wanaokuja wanakuja kwa ajili ya pumzi. Nikiitoa leo hakuna gemu, Mchoraji naye kazi yake imekufa. Jumatatu jioni naitoa, mbele yako, naapa kwa huyu mama. Nipe mpaka Jumatatu. Bado kidogo tu..."

Alilisikia likitoka. Uso ulimwambia kwamba amelisikia. Alifumba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, lakini lilikuwa limeshatoka, limegonga zile trei za mayai ukutani, wala halikurudi.

Mchoraji alikuwa wa kwanza kusogea. Alilibandua bango kutoka ukutani, akalichana. "Kazi yangu usiiwekee wewe bei," akasema. "Samaki ni wangu, mji ni wangu. Nautoa."

Mama akanyanyuka. Alikwenda kwenye koti lililoning'inia kitini, akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa pampu. Ilikuwemo. Bado ilikuwemo, pale pale, siku zote hizo. Akaishika viganja vyote viwili, akamletea Msusi.

"Chukua hewa yako, binti yangu."

Msusi akaipokea. Akavua pete, akaiweka juu ya padi. Akashuka ngazi polepole, kwa mwendo wa mtu anayejua kifua chake, akiwa amempigia tena dada yake. "Dada," akasema, "njoo saluni. Nina neno la kukuambia, uketi kwanza."

Ndoa haikuwepo. Mchoraji alitimiza alichosema, gemu halipo tena mahali popote pa kulinunua. Kimya alihama jengo, na majirani wanasema sasa kuna kelele kwelikweli, ingawa hakuna aliyeongezeka. Mama bado anashuka saluni kila wiki kusukwa, mkwe au si mkwe. Na ile pampu ya akiba haikai tena mfukoni mwa mtu. Imetundikwa kwenye ndoano iliyopinda, kando ya kioo chenye ufa, mahali ambapo hata mteja wa mara ya kwanza anaiona. Msichana akianza kazi pale, kabla hajaoneshwa chanuo anaoneshwa ile.

Lakini kipande cha video kipo. Mji umekufa, pumzi inazunguka. Juzi mteja alikaa kwenye kiti cha Msusi, akafungua simu, ikalia pale pale, mluzi na mbao. Msusi akaacha suko katikati. Mteja akasema, "Pole, inatisha eh?" akaongeza sauti.

Iko kwenye simu unayosomea haya. Unajua iko wapi. Ifute. Aliyekutumia mpigie umwambie ni ya nani, uliyemtumia mpigie pia, usimwandikie, mpigie akusikie. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayehema kwa taabu, inuka uende ukaulize pampu yake inakaa wapi, uishike mkononi, uitikise ujue kama ina dawa.

Sasa hivi. Mimi nakungoja hapa, na lile neno lake usiniambie.